Kupatana Bei na Haki ya Mwenye Shida

Kupatana bei si dhambi. Mtakatifu Tomaso wa Akwino, katika karne ya 13, alifundisha kwamba bei ya haki haipimwi kwa uzi; ni makadirio, na tofauti iliyo ndogo haivunji haki. Muuzaji akipunguza na mnunuzi akiongeza, wakaafikiana kwa hiari, hakuna aliyedhulumiwa.

Lakini mtazame baba aliyeleta mbuzi mnadani kwa sababu mwanawe yu hospitali. Mnunuzi aijua shida hiyo. Amkashifu mbuzi, ajifanya kuondoka, mpaka baba akubali bei ya kutupa. Je, huko ndiko kukubali? Papa Leo XIII, katika waraka wake Rerum Novarum wa mwaka 1891, alifundisha juu ya mshahara kwamba mtu akipokea masharti magumu kwa kusukumwa na shida, amedhulumiwa. Mnadani haki ni ile ile.

Basi, ndugu Mkristo, kabla ya kutaja bei jiulize: nanunua mbuzi, au nanunua shida ya mwenzangu? Na kama umekwisha kumpunja, kuungama peke yake hakutoshi: mrudishie haki yake.