SOMO LETU: MTO MMOJA, RAMANI MBILI



Ukisimama Kikagate (wengine huandika Kikagati), wilaya ya Isingiro, unauona Mto Kagera chini yako, na ng'ambo unaiona Murongo, wilaya ya Kyerwa, Tanzania. Mama anayeuza ndizi upande huu ana shangazi upande ule. Mvua ikinyesha Rwanda na Burundi, maji yanapanda kingo zote mbili siku ile ile. Lakini ofisini kuna ramani mbili: moja ya Uganda, nyingine ya Tanzania, na kila moja imezoea kukomea katikati ya mto. Somo la leo linauliza: wapimaji na wapangaji wa ardhi wa nchi mbili wafanye kazi vipi pamoja, na jambo hilo linamhusu nini mtu wa kiwandani au shambani?

1. Mpango wa ardhi ni nini?

Kupanga ardhi ni kuamua mapema barabara ipite wapi, kiwanda kikae wapi, nyumba za watu zijengwe wapi, maji yatoke wapi na taka ziende wapi. Uganda inayo Sheria ya Mipango ya Ardhi ya mwaka 2010, inayosema kwamba nchi nzima ni eneo la kupangwa. Tanzania inazo sheria mbili za mwaka 2007: ya mipango miji, na ya matumizi ya ardhi. Sheria zote hizi ni za ndani ya nchi. Mto, upepo, ugonjwa wa migomba na kibarua anayetafuta kazi haviijui sheria ya upande mmoja.

2. Mpaka ulitoka wapi?

Tarehe 1 Julai 1890 Waingereza na Wajerumani walitia saini mkataba na kugawana nchi hizi kwa mstari wa nyuzi 1 kusini ya Ikweta. Wenyeji hawakuulizwa. Hata leo, mpaka unafuata mkondo wa Kagera kutoka Rwanda, kisha unauacha mto na kufuata mstari ulionyooka hadi Ziwa Victoria. Mwaka 1978 jeshi la Idi Amin lilivuka mpaka na kuivamia Kagera. Mwaka 1979 majeshi ya Tanzania na wapiganaji wa Uganda waliingia Mbarara. Kituo kidogo cha umeme cha Kikagate, kilichojengwa enzi ya ukoloni kwa ajili ya machimbo ya bati, kiliharibika katika vita hivyo. Kazi ya mikono ya wafanyakazi ikapotea.

3. Mfano wa umeme

Tazama sasa kilichofanyika baadaye mahali pale pale. Kituo kipya cha Kikagati–Murongo kina nguvu ya megawati 14, na marais wa nchi mbili walikizindua rasmi Mei 2023. Umeme wake hugawanywa nusu kwa nusu: megawati 7 huku, 7 kule. Hapo ndipo tunapojifunza. Huwezi kujenga ukuta nusu ya mto. Maji yakizuiwa hupanda kingo zote mbili, kwa hiyo lazima wapimaji wa pande zote wakubaliane juu ya kipimo kimoja cha usawa wa maji, mstari mmoja wa hatari ya mafuriko, na orodha moja ya mashamba yatakayoguswa.

Fidia nayo ni jambo kubwa. Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 inasema mtu alipwe fidia ya haki kabla ardhi yake haijachukuliwa. Sheria za ardhi za Tanzania za mwaka 1999 zinadai fidia kamili, ya haki na ya haraka. Maneno yanakaribiana, lakini bei ya mgomba mmoja hupangwa na ofisi mbili tofauti. Wataalamu wasipokaa meza moja, ndugu wawili wenye mashamba yanayotazamana watalipwa tofauti kwa maji yale yale, na chuki itaanzia hapo.

4. Funzo la zamani

Si mara ya kwanza kujaribu. Mwaka 1977, mwaka ule ule Jumuiya ya kwanza ya Afrika Mashariki ilipovunjika, Rwanda, Burundi na Tanzania ziliunda Shirika la Bonde la Mto Kagera. Uganda ikajiunga mwaka 1981. Shirika lilipanga umeme, reli na barabara. Mengi yalibaki kwenye karatasi, na mwaka 2004 likavunjwa. Hata hivyo mawazo hayakufa: umeme wa Rusumo, megawati 80, leo unagawanywa kati ya Burundi, Rwanda na Tanzania. Mpango mzuri usio na fedha, amani na watu wa kuusukuma hulala, lakini unaweza kuamshwa.

5. Nakivale na Mbarara

Katika wilaya hiyo hiyo ya Isingiro iko Nakivale, makazi ya wakimbizi tangu mwisho wa miaka ya 1950. Leo ina zaidi ya watu 100,000, kutoka Kongo, Burundi, Rwanda, Somalia na kwingineko. Sheria ya Uganda ya mwaka 2006 inamruhusu mkimbizi kufanya kazi. Kwa hiyo huyu si mgeni wa kupita tu. Ni mfanyakazi mwenzako. Mpango wa shule, visima na barabara usipomhesabu, umekosea hesabu tangu mstari wa kwanza. Vivyo hivyo Mto Rwizi: unapita Mbarara penye viwanda, kisha unaelekea kwenye maziwa na vinamasi vya upande wa Nakivale. Taka zikitupwa mtoni mjini, anayekunywa chini ndiye anayelipa.

6. Kazi yetu ni nini?

Tusiseme, "Mambo ya ramani ni ya wasomi." Aliyekaa kambi ya shamba la chai anajua nyumba zikijengwa bondeni nini hutokea masika. Tawi liulize katika wilaya ni lini kamati ya mipango inakutana, na ramani iko wapi. Lipeleke maoni kwa maandishi. Liwaandikie wenzetu wa ng'ambo, tulinganishe fidia, mishahara na makazi. Serikali zimegawana umeme nusu kwa nusu. Wafanyakazi nasi tugawane habari.

Maswali ya kujadili tawini

(a) Mto au barabara ipi karibu na kazi yako inavuka wilaya au nchi? Nani anaipanga?
(b) Eleza kwa nini ukuta wa mtoni hauwezi kupangwa na upande mmoja.
(c) Je, vibarua na wakimbizi wamehesabiwa katika mpango wa eneo lenu? Mtajuaje?