Kucha Zikibadilika Rangi

Ndugu Waislamu, kucha ya mguu iliyogeuka njano, ikanenepa na kumeguka, mara nyingi ina fangasi. Fangasi hupenda unyevu. Baada ya udhu kausha katikati ya vidole kabla ya kuvaa soksi. Kucha zikatwe, Mtume (S.A.W.) aliweka ukomo wa siku 40, na kikatio msichangie.

Dawa ya kupaka pekee aghalabu haitoshi. Daktari akishapima ini, huweza kuandika terbinafini ya kumeza, miligramu 250 kwa siku kwa wiki 12. Msikate tamaa: kucha ya kidole gumba cha mguu huota upya kwa mwaka mmoja hadi mmoja na nusu.

Ila mstari mweusi unaopanuka katika kucha moja, nawe hukujigonga, akina mama msiufiche kwa hina. Huenda ni saratani. Nendeni hospitali mapema.