Kutoka Lahajedwali hadi Soketi: Kuingiza Vipimo vya Kigutu katika Programu ya Usanifu

Soketi ni sehemu ya mguu bandia inayokumbatia kigutu, yaani sehemu ya mguu iliyobaki baada ya kukatwa. Uzito wote wa mgonjwa hupita hapo. Kwa karne nyingi umbo lake limetokana na mkono wa fundi, na hata leo karakana nyingi hutumia bandeji ya plasta. Hata hivyo, njia ya kompyuta inazidi kuenea: skana au kifaa cha kupimia huandika vipimo vya kigutu, vipimo hupangwa katika lahajedwali kama Excel, kisha programu ya usanifu huvigeuza kuwa mistari iliyopinda ambayo soketi hujengwa juu yake. Somo hili linahusu hatua hiyo ya katikati, ambayo huonekana kuwa kazi ya karani tu. Kwa kweli ndipo kipimo sahihi kinapoweza kuharibika bila mtu yeyote kutambua.

Yafaa kuanza na utepe wa kupimia. Mzingo wa kigutu ukiwa milimita 314, nusu kipenyo cha duara lenye mzingo huo ni takribani milimita 50. Lakini kigutu cha chini ya goti si duara. Sehemu yake ya juu hukaribia umbo la pembetatu, ukingo wa mbele wa tibia ukiwa ndiyo kona kali. Soketi ya duara iliyojengwa kwa mzingo sahihi ingebana ukingo huo na kuacha nafasi tupu pembeni. Utepe husema kweli kuhusu urefu, ila haujui umbo. Kwa sababu hiyo huhitajika umbali kutoka mhimili wa katikati hadi kwenye ngozi, kwa kila pembe na kwa kila kimo.

Tuchukue kimo kimoja. Safu wima A ina pembe kwa nyuzi, na safu wima B ina umbali kwa milimita. Programu ya usanifu huhitaji viwianishi, yaani namba zinazotaja mahali pa nukta kwa mhimili wa X na wa Y. X hupatikana kwa fomula =B2*COS(RADIANS(A2)), na Y kwa =B2*SIN(RADIANS(A2)). Neno RADIANS halipo kwa mapambo. Excel husoma pembe kwa radiani, si kwa nyuzi. Likisahaulika, nukta ya nyuzi 90 yenye umbali wa milimita 50, ambayo ilipaswa kuwa katika X 0 na Y 50, itaangukia X −22.4 na Y 44.7. Bado iko milimita 50 kutoka katikati! Anayetazama wingu la nukta peke yake ataona umbo linalofanana na duara na kuridhika. Mpaka nukta ziunganishwe ndipo mstari utakapozunguka ovyo kama uzi uliofumuka.

Idadi ya nukta nayo ina uzito wake. Katika duara la nusu kipenyo cha milimita 50, nukta zilizoachana nyuzi 30 zikiunganishwa kwa mistari iliyonyooka, mstari hukata ndani ya umbo la kweli kwa milimita 1.7. Zikiachana nyuzi 10, kosa hupungua hadi milimita 0.2 hivi. Splaini, yaani mstari laini unaopita katika kila nukta, hupunguza kosa hilo, lakini ina tabia yake: hutii kila nukta, hata ile iliyopotoka kwa sababu mgonjwa alitikisika. Nukta moja mbovu huzaa tuta upande mmoja na bonde pande zake mbili.

Namna ya kuingiza nukta hutofautiana. Autodesk Inventor huweza kusoma faili la Excel moja kwa moja ndani ya mchoro na kuzaa nukta, mistari au splaini. Kisanduku cha kwanza huweza kubeba jina la kipimo, na kikiachwa wazi programu huchukua kipimo cha faili lililofunguliwa. SolidWorks hupokea faili la maandishi lenye safu za X, Y na Z bila vichwa, na hutoa mstari ulio angani ambao baadaye hunakiliwa kwenye mchoro. Popote pale, nukta huunganishwa kwa mpangilio wa mistari ya jedwali. Atakayepanga upya safu ya X peke yake ili namba zipendeze macho atakuwa ameoza X ya nukta moja kwa Y ya nyingine.

Mtego mwingine uko katika kuhifadhi faili la CSV. Excel huandika namba kama inavyoonekana kwenye kioo. Kisanduku kilichopangwa kuonyesha 47 badala ya 47.38 kitapeleka 47, na desimali zitapotea humo. Katika kompyuta zenye mpangilio wa Kifaransa, kama zilivyo nyingi Kongo na Burundi, desimali huandikwa kwa mkato. Programu inayotenganisha safu kwa mkato itasoma 47,38 kuwa namba mbili.

Makosa makubwa hujitangaza. Mguu wenye upana wa mita moja humchekesha kila mtu. Linalotisha ni kosa la milimita mbili. Juu ya kano iliyo chini ya pia ya goti, mgonjwa huenda akalivumilia. Juu ya kichwa cha fibula au ncha ya tibia, litachubua ngozi. Na aliyekatwa mguu kwa sababu ya kisukari mara nyingi hisia zake zimefifia, hivyo atatembea juu ya kidonda bila kulalamika. Mtaalamu anayesubiri maumivu yamwonyeshe kosa atakuwa amechelewa.

Kwa hiyo, kabla soketi haijachongwa, urefu wa kila mstari hupimwa ndani ya programu na kulinganishwa na mzingo uliochukuliwa kwa utepe siku ileile. Tofauti ya milimita 10 katika mzingo ni sawa na milimita 1.6 za nusu kipenyo, uwe mguu wa mtoto au wa mtu mzima. Ulinganisho huu hufichua nukta zilizochanganyika na vipimo vilivyokosewa. Lakini kuna kosa lisiloguswa nao: kifaa kikihesabu pembe kwa mwendo wa saa na programu ikihesabu kinyume, kigutu cha kulia hugeuka cha kushoto. Mizingo yote hulingana, hakuna namba inayolalamika. Hapo anatomia ndiyo shahidi: mgonjwa akiwa ameketi mbele ya kioo cha kompyuta, mtaalamu huweka kidole juu ya kichwa cha fibula, upande wa nje wa kigutu, na kutazama kama uvimbe uleule umechorwa upande huohuo.