Dondoo muhimu: Muhogo, chumvi na rovu

Nyangezi, mkoani Kivu Kusini, iko mbali na bahari, na vyakula vya milimani vina iyodini kidogo. Kisiwani Idjwi, katika mkoa huo huo, watafiti wa miaka ya 1960 walikuta rovu kwa wingi. Muhogo mchungu ulichangia: sayanidi yake, ikishageuzwa mwilini, huzuia tezi ya shingo kunasa iyodini.

• Menya muhogo mchungu, uloweke siku 3 hadi ulainike, uanike, ndipo usage.

• Unga unaoutilia shaka uchanganye na maji, uutandaze usizidi unene wa sentimita 1, uuache juani saa 2, kisha usonge bugali siku hiyo hiyo.

• Sombe (majani ya muhogo) itwangwe vizuri na kuchemshwa sufuria ikiwa wazi.

• Nunua chumvi yenye iyodini. Ifunike, iweke mbali na jua na moshi, uitie chakula kikikaribia kuiva.

• Mtu mzima huhitaji mikrogramu 150 za iyodini kwa siku, mjamzito 250.

• Vidonge vya mwani wa kahawia wa bahari baridi si mbadala wa chumvi. Gramu 1 ya mwani huo mkavu yaweza kupita mahitaji ya siku zaidi ya mara kumi, na iyodini ikizidi pia huumiza tezi.

Shingo ikivimba, wahi kituo cha afya.