Ushahidi ni juu ya Mwenye Kudai: Darasa ya Ununuzi wa Nyumba

Ndugu zetu Waislamu, leo twapenda kueleza jambo ambalo kwa kutolijua watu wengi wamepoteza mali waliyoichuma kwa miaka. Mtu hununua nyumba ya mawe iliyopigwa lipu na kupakwa chokaa mpya. Masika yakiingia, ukuta hupasuka, na boriti huonekana zimeliwa na mchwa. Akimwendea aliyemuuzia, huyo hukana kuwa ila hiyo ilikuwako. Basi ni juu ya nani kuleta ushahidi?

Asili katika sharia yetu, kama alivyotufundisha Mtume (S.A.W.), ni kuwa ushahidi ni juu ya mwenye kudai, na kiapo ni juu ya mwenye kukana. Hekima yake ni kuwa madai matupu hayamtoi mtu katika mali yake.

Katika madhehebu ya Imamu Shafi, mnunuzi aonaye ila ya tangu kabla ya kuuziwa ana hiari ya kurudisha, maadamu hakukawia. Wakikhitalifiana kama ila ni ya zamani au ni mpya, na yote mawili yamkinika, muuzaji husadikiwa kwa kiapo chake. Lakini ikiwa haiyamkini kuwa mpya, kama boriti zilizooza ndani siku mbili baada ya mauzo, mnunuzi ndiye asadikiwaye. Wala muuzaji wa nyumba haepukani na ila kwa kusema, "Nimeiuza kama ilivyo."

Sheria ya Ushahidi ya Kenya nayo yaelekea huko. Kifungu cha 107 chamtaka mwenye kudai jambo alithibitishe, na hakimu hutazama lipi laelekea zaidi kuwa kweli. Akidai kuwa alifanyiwa hila, kipimo huwa kizito zaidi. Ndivyo ilivyokata Mahakama ya Rufaa ya Afrika ya Mashariki mwaka 1957. Lakini kifungu cha 112 chasema kuwa jambo alijualo hasa mmoja wa wenye kesi, ni juu yake kulibainisha. Wala kesi hii si ya Kadhi, kwani Katiba ya 2010 imemwachia mambo ya hali ya mtu, ndoa, talaka na mirathi tu.

Kwa hivyo ushahidi hutafutwa kabla ya fedha kutoka mkononi. Mlete fundi aitazame nyumba, muulize muuzaji habari zake mbele ya mashahidi, na majibu yake yaandikwe katika mkataba uliotiwa sahihi. Baadhi yetu huona kumwandikisha jamaa ni kumvunjia heshima, ilhali aya ya 282 ya Suratul-Baqara, iliyo ndefu kuliko zote katika Kurani, yatuamrisha kuandika madeni na kushuhudisha tuuzianapo. Wengine wakisha kudhulumiwa hukimbilia kusomesha Ahlul-Badri. Kisomo hicho si shahidi, wala hakirudishi nyumba.

Nawe muuzaji, usidhani kuwa ukishinda kwa sababu mwenzio hakuwa na shahidi, mali hiyo imekuwa halali yako. Mtume (S.A.W.) ametuonya kuwa yeye huhukumu kwa alisikialo, na kuwa mwenye kukatiwa haki ya nduguye amekatiwa kipande cha moto. Basi itaje ila ya nyumba yako kabla hujapokea fedha.