Simu Mkononi Siku ya Shambulio

Somo letu safari hii ni zito. Tunaomba mlisome pamoja, mwenye miwani awasomee wengine, kisha mjadiliane.

Tarehe 2 Aprili 2015, alfajiri, magaidi wa Al-Shabaab walivamia Chuo Kikuu cha Garissa wakaua watu 148, wengi wao wanafunzi. Watoto hao walitoka pande zote za Kenya. Wazazi wengi walikuwa vijijini kama sisi. Jamaa walikusanyika Uwanja wa Nyayo, Nairobi, wakingoja majina, na huku picha za maiti zimeshaanza kutembea kwenye simu za watu. Hebu fikirini mama aliye Molo, anapalilia viazi, kijana wa jirani anakuja mbio kumwonyesha picha, kumbe ni mtoto wake. Nani alimpa huyo kijana kazi ya kutangaza msiba? Picha ya marehemu haimwokoi mtu. Ikifika kwako, ifute.

Jambo la pili wengi hawalijui. Jengo la Westgate lilipovamiwa tarehe 21 Septemba 2013, ambapo watu 67 waliuawa, waliojificha ndani waliandikia jamaa zao ujumbe kimya kimya. Lakini Al-Shabaab nao walikuwa kwenye Twitter wakijisifu. Akaunti ikifungwa, wanafungua nyingine. Maana yake ni kwamba wanasoma pia. Ukiandika "dada yangu amejificha stoo, ghorofa ya pili", umemwonyesha adui mlango. Mahali alipo waambie polisi, kwa 999 au 112. Wala usimpigie simu, kwa sababu mlio mmoja tu unaweza kumfichua. Mtumie ujumbe mfupi, mwambie azime sauti ya simu, halafu ungoje. Kungoja ni kugumu, tunajua. Na ukiona askari wanaingia mahali, usiwapige picha ukaituma.

Hatusemi simu ni mbaya. Siku zile za Westgate ndiyo iliyowaita watu kutoa damu, wakapiga foleni ndefu, na wengi walichanga kwa M-Pesa kusaidia waathiriwa. Ila matapeli nao huamka siku hiyo, kwa hivyo usitume hata shilingi kumi kwa nambari ya mtu binafsi usiyemjua.

Tukija kwetu Nakuru, tunayo historia yetu. Januari 2008 hapakuwa na WhatsApp, lakini SMS zilitosha. "Kabila fulani wanakuja usiku huu." Mwingine akakimbia na watoto, mwingine akatafuta panga. Tume ya Jaji Waki ilihesabu watu 1,133 waliokufa nchini katika ghasia zile. Si SMS peke yake iliyowaua, lakini ilitia petroli.

Ndivyo inavyokuwa pia baada ya shambulio la kigaidi: jirani Msomali mwenye duka anaanza kuandikwa ati naye ni wao. Basi mkumbuke basi la Mandera, Desemba 2015. Magaidi walitaka Wakristo watengwe, abiria Waislamu wakakataa. Mwalimu Salah Farah, Mwislamu, alipigwa risasi hapo, akafariki Januari 2016. Habari kama hiyo mbona haipelekwi mbele haraka?

Januari 2019 WhatsApp ilipunguza ujumbe kupelekwa mbele hadi watu au vikundi 5 kwa mara moja. Inasaidia, lakini kikundi kimoja kinaweza kuwa na mamia ya watu. Fanyeni hesabu wenyewe.

Kazi ya kikundi: chagueni wanachama wawili wenye moyo mtulivu. Siku ya tukio, hao ndio watasikiliza redio na taarifa za polisi na Msalaba Mwekundu, kisha wawaambie wengine, hata wazee wenye simu za kawaida. Mwenye mtoto mjini au chuoni aandikiwe kwenye kitabu cha katibu: jina la mtoto, mahali alipo, na nambari ya rafiki yake mmoja. Kitabu kikae kwa katibu, kisipigwe picha. Jadilianeni pia: msiba ukitokea, ni nani ataenda nyumbani kwa mzazi, kwa miguu, kabla simu haijafika?