Kifungo cha Haidrojeni: Nguvu Yake Hutoka Wapi?

Swali la vifungo vya haidrojeni wengi wetu hulibahatisha tu. Hebu leo tulifumbue kwa Kiswahili chetu, tukianzia jikoni.

Sufuria ya maji ikichemka, mvuke ule ni nini? Utasikia mtu akijibu, "Ni haidrojeni na oksijeni zimeachana." La hasha! Mvuke ni maji yale yale. Ndani ya kila molekuli, oksijeni na haidrojeni bado zimeshikana barabara. Kilichokatika ni kifungo kati ya molekuli na jirani yake. Hicho ndicho kifungo cha haidrojeni, na katika maji nguvu yake haifiki hata sehemu moja ya kumi ya kile cha ndani.

Je, nguvu hiyo hutegemea nini?

Kwanza, ni atomu iliyoshikana na haidrojeni. Florini, oksijeni na naitrojeni ni walafi wa elektroni. Huzivuta kwao, haidrojeni ikabaki na chaji chanya kidogo. Salfa si mlafi hivyo. Ndiyo maana haidrojeni salfaidi huchemka kwenye nyuzi 60 za Selsiasi chini ya sufuri, ilhali maji huchemka kwenye nyuzi 100 kule pwani.

Pili, ni jirani anayepokea. Lazima awe na jozi ya elektroni isiyotumika, na awe tayari kuishiriki.

Tatu, ni umbali na mwelekeo. Kifungo huwa imara zaidi atomu zikikaribiana na kujipanga karibu katika mstari mnyoofu.

Sasa angalieni mtego! Florini ni mlafi kuliko oksijeni, na kifungo cha haidrojeni floraidi ni imara kuliko cha maji. Mbona basi huchemka kwenye nyuzi 19.5 tu? Sababu kubwa ni idadi. Molekuli ya maji ina haidrojeni mbili na jozi mbili, hivyo huweza kushikana na majirani wanne. Haidrojeni floraidi ina haidrojeni moja tu, kwa hivyo kwa kawaida hushikana na wawili. Kumbe haba na haba hujaza kibaba!

Basi mkiulizwa kuhusu nguvu, tazameni kwanza: ni ya kifungo kimoja, au ya vyote pamoja? Hapo ndipo alama hupotea.

Kwa hayo machache, nawatakia ufanisi mtihanini.